Milango Mitatu ya Mchezo

Katika vibanda vya michezo ya video vilivyo kando ya njia za Huruma, watazamaji huwa wengi kuliko wachezaji. Wawili hushika pedi na kucheza kandanda juu ya kioo cha televisheni. Wengine husimama mlangoni wakishangilia au wakizomea. Kati ya hao wasimamao wamo wasio na shilingi za kulipia, wamo waogopao kuchekwa kwa kuwa vidole vyao havijazoea vitufe, na wamo wasichana ambao hapana aliyewahi kuwakaribisha. Mhakiki wa michezo hana budi kuanza na watu hao. Kampuni isemapo kwamba imeufanya upya mchezo wa zamani ili uwafae watu wengi zaidi, na tuulize: ni nani aliyekuwa nje ambaye sasa yumo ndani?

Kampuni isifiwayo sana kwa kazi hii ni Nintendo ya Japani. Ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, na ikaingia katika michezo ya video katika miaka ya 1970. Mara nyingi haibuni kila kitu upya. Huchukua aina ya mchezo iliyozoewa, ikatafuta sehemu imtishayo mgeni, kisha ikaibadili sehemu hiyo.

Tuutazame mfano mmoja. Katika michezo ya kupigana kwa bunduki, kanuni ya kawaida ni kwamba ashindaye ni yule auaye wengi. Kanuni hiyo humpendelea mwenye shabaha. Asiye nayo huuawa mara kwa mara, akachoka, akaondoka. Mwaka 2015 Nintendo ilitoa mchezo uitwao Splatoon. Bunduki zimo, lakini hutoa wino wa rangi badala ya risasi. Katika pambano lake la kawaida, vikosi viwili vya watu wanne wanne hushindana kwa dakika 3, na mwishoni hupimwa eneo ambalo kila kikosi kimelipaka rangi. Basi asiyeweza kumlenga adui aweza kupaka sakafu, na kila shubiri aliyoipaka huhesabiwa. Mwenye shabaha naye hakunyimwa kitu, maana akimwondoa adui hupata nafasi ya kupaka zaidi. Huo ndio uzuri wa kazi hii: mchezo haukurahisishwa hata ukakosa utamu, bali maana ya kushinda ndiyo iliyobadilishwa. Mlango wa ustadi ulifunguliwa.

Lakini mlango wa bei ulibaki umefungwa. Mchezo huo ulihitaji mtambo wa kampuni hiyo hiyo, na mtambo wa namna hiyo ni ghali mno kwa mzazi wa Huruma mwenye kodi ya nyumba na karo ya kulipa. Nintendo yenyewe iliwahi kuujua mlango huu vizuri zaidi. Mwaka 1980 mhandisi wake, Gunpei Yokoi, alitoa michezo midogo ya mkononi iitwayo Game & Watch, akitumia vioo vya namna ile ya vikokotoo, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuwa rahisi na vya kawaida. Alionyesha kwamba chombo cha kale chaweza kubeba mchezo mpya.

Hapa kwetu pia wapo waliojaribu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Nyangi. Alichukua aina ya mchezo wa kutafuta vitu vya kale, iliyopata umaarufu duniani kwa Tomb Raider ya mwaka 1996, akamweka ndani yake shujaa mwanamke wa Kiafrika. Kwa kazi hiyo aliufungua mlango wa tatu, mlango wa sura: mtoto wa Kenya aliweza kumwona shujaa afananaye na dada yake. Hata hivyo mchezo huo ulihitaji kompyuta, na kompyuta wakati huo ilikuwa nadra majumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer, mchezo wa mashindano ya magari ambao gari lake ni matatu. Hata jina lake lataka msomaji aitamke tarakimu kwa Kiswahili. Ulichezwa katika simu ya mkononi, chombo ambacho watu wengi walikuwa nacho tayari. Hivyo mlango wa sura na mlango wa bei ilifunguliwa pamoja. Lakini mashindano ya magari yalibaki mashindano ya magari; maana ya kushinda haikuguswa kama ilivyoguswa katika Splatoon.

Hukumu yangu basi ni hii. Kubadili sura ya shujaa ni kazi njema, na kupunguza gharama ni kazi njema zaidi, lakini aina ya mchezo haijafanywa upya mpaka mgeni apewe njia yake mwenyewe ya kufaa katika kikosi. Wanafunzi watakaotunga michezo ya kesho wasiende mbali kutafuta kielelezo. Wasichana wa mitaa yetu hucheza kati kwa mpira wa makaratasi, wakipatana kanuni papo hapo, na mdogo wao akija hulegezewa kanuni moja ili naye aingie. Wautazame mchezo huo kwa makini kabla ya kuwasha kompyuta.