Kabla Denge Hajaingia

Hapa Kisesa, binti wa kwaya kumpenda kijana wa madrasa si ajabu. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma imeleta watu wa kila dini, nao wamejenga ukuta kwa ukuta. Kazi huanza wazazi wakishajua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu wenye dini tofauti kuoana bomani, sawa. Lakini sheria haikai sebuleni na shangazi aliyenuna.

Shafi Adam Shafi anamjua shangazi huyo. Katika Vuta n'kuvute, riwaya yake ya 1999, Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja, zama za Mwingereza. Ana miaka 15 anapoozwa Bwana Raza, mwanamume wa kumzaa. Baadaye moyo wake unamwangukia Denge, kijana Mswahili aliyesoma Urusi na kurudi na siasa za uhuru. Mwandishi mwenye papara angewakutanisha mapema, kisha awaachie wazee wahutubie kuhusu dini, rangi na ukoo. Shafi hana papara. Yasmin anamtoroka Raza, anarudi kwa mama yake, mama anamfukuza. Anakimbilia kwa mjomba, huko nako hapokelewi. Anaishia Ng'ambo, kwa Mwajuma, shoga yake, mwanamke Mswahili asiye na mali.

Nimeurudia mpangilio huo mara nyingi, na kila nikiurudia naona fundi kazini. Kukataliwa kumetangulia mapenzi. Denge anapojitokeza, msomaji keshajua jamaa za Yasmin wana uwezo wa kufanya nini, kwa kuwa wamekwisha kukifanya. Hakuna haja ya kutueleza kwamba penzi hili ni la hatari. Na Denge mwenyewe hakupakwa sukari: polisi wanamwinda, leo yupo kesho hayupo, siasa ndiyo mke mkubwa. Mtu anayempenda mtu wa namna hiyo amependa kweli.

Kezilahabi wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, alishika njia nyingine katika Rosa Mistika, 1971. Kwake barua moja ya kijana Charles kwa Rosa inatosha: Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake, na kipigo hicho kinamfuata Rosa hadi mwisho. Ni kurasa kali, zinauma. Ila kwa penzi linalovuka mpaka wa jamii, mkono wa Shafi usio na haraka ndio ninaoupenda zaidi.

Vijana wengi sasa wanakijua kisa cha Yasmin kwa filamu ya Amil Shivji ya 2021. Waitazame, ni nzuri, kisha wakifungue kitabu wamfuate Mwajuma. Bila yeye Yasmin hana pa kulala, na riwaya haina pa kwenda. Atakayetaka kuandika kisa cha kwaya na madrasa cha hapa Kisesa, kabla ya kuhangaika na wapenzi, amtafute kwanza Mwajuma wake: labda mama ntilie fulani wa pale Igoma, mwenye chumba kimoja na asiyemuuliza mgeni anasali wapi.