Meme, stereotipi, ukumbusho: maneno yetu yanafanya kazi gani?

Wandugu, leo ninajikosoa mwenyewe mbele yenu. Kazi yangu ya mwisho ya lisansi ilikuwa juu ya picha za rangi zenye watu walikuwa wanatundika katika salo za Lubumbashi. Ukurasa wa kwanza tu, nilikuwa nimeisha kuweka maneno matatu ya Kigriki: meme, stereotipi, arketipo. Jury ilifurahi, nikapata pointi nzuri. Nyumbani mama akaniuliza ile kazi inasema nini. Nikajibu: "Mama, ninaonyesha kama Colonie Belge ni meme." Akaniangalia. "Ile picha ya kwa baba yako mukubwa? Ile ni ukumbusho." Kisha akaendelea na bukari yake.

Kwa wale hawaijui: Colonie Belge ni picha ya gereza la wakati wa Wabelgiji. Mfungwa amelala chini, askari mweusi anamupiga fimbo, mzungu anasimama na kuangalia, bendera iko juu. Wachoraji wengi wa Katanga waliichora, mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye alichora historia yote ya nchi katika picha zaidi ya mia moja miaka ya 1973 na 1974, naye aliichora.

Sasa tuangalie neno meme. Richard Dawkins alilitunga mwaka wa 1976, katika kitabu chake The Selfish Gene. Alichukua mzizi wa Kigriki wa kuiga, mimema, kitu chenye kuigwa, akaukata ili ufanane na neno "gene". Mwenyewe alisema kama mtu anapenda, anaweza kulifikiria karibu na neno la kumbukumbu, ao na même ya Kifaransa, yaani "ileile". Wazo lake ni kwamba wimbo, mtindo wa nguo ao imani vinaruka toka kichwa hadi kichwa, na chenye kinaigwa vizuri njo kinaishi.

Si wazo la bure. Linaeleza sehemu moja ya mambo: picha yenye iliuzwa ilichorwa tena, yenye haikuuzwa ikapotea. Njo maana salo nyingi zilikuwa na picha za namna moja.

Lakini angalia kitu chenye meme haiwezi kueleza. Miaka ya 1970 Wabelgiji walikuwa wameisha kuondoka zamani. Juu ya nini mtu anatoa mshahara wake kununua fimbo, anaitundika pale wageni wanakaa? Mwaka uleule wa 1976, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walichapa makala juu ya picha za Shaba. Waliona kama Colonie Belge haikuwa ya zamani tu. Kwa kuangalia fimbo ya jana, watu walikuwa wanaongea juu ya mateso ya leo, yenye haikuwa rahisi kuyataja kwa mdomo. Na neno lenye watu wenyewe walitumia juu ya picha hizo, Fabian aliliandika: ukumbusho. Neno la mama.

Tazameni sarufi, si mchezo. Meme ni kitu chenye kinajiiga. Watu ni njia tu ya kupita. Lakini kukumbuka ni kwangu peke yangu, kukumbusha kunataka watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Ukitamka ukumbusho, maswali yanakuja yenyewe. Nani anamukumbusha nani? Kitu gani? Juu ya nini sasa? Kwa neno meme, mimi sikuuliza hata moja.

Msinisikie vibaya: sisemi tutupe Kigriki. Stereotipi ilianza kama neno la wachapaji wa Ufaransa: stereos ni kigumu, typos ni alama ya pigo. Ilikuwa sahani nzima ya kuchapia, isiyobadilika. Mwaka wa 1922 Walter Lippmann, mwandishi wa Marekani, akalipeleka kwenye picha zenye tunabeba kichwani juu ya watu wengine. Unaona? Toka atelie hadi kichwani. Hata Wagriki walichukua maneno ya mikono na macho yao, wakayafikirisha. Sisi tunaiga maneno yao, na hatuigi ile kazi.

Tena ukumbusho si dawa ya kila kitu. Nalo linataka kukosolewa. Ile picha inatukumbusha mzungu, lakini fimbo iko mkononi mwa ndugu yetu. Ni wangapi katika salo walitaja askari? Neno zuri halitoshi kama hatuulizi vile linaficha.

Kosa langu halikuwa Kigriki. Kosa langu ni kwamba neno lilinipa jibu mbele sijauliza swali. Picha ya baba mukubwa ilikuwa dakika kumi kwa miguu toka kwetu. Nilienda, nikaipiga foto, nikarudi kuandika. Mwenyewe alikuwa anakaa pale chini yake, ananiangalia. Alikufa mwaka uliofuata, na sitajua kamwe aliinunua juu ya nini, wala ni nani alitaka aione.

Wadogo zangu wenye munaandika mwaka huu, wekeni meme, wekeni arketipo, hakuna shida. Lakini mbele ya kuandika, mukae kwanza kwenye ile salo, muulize mwenye nyumba. Naye iko na neno.