Kizuri Hakikujiuza

Lebo zinazofufua muziki wa zamani zina neno moja zinalolipenda kuliko yote: kusahaulika. Albamu iliyosahaulika, mwimbaji aliyesahaulika, hazina iliyosahaulika. Ni neno tamu na linauza. Tatizo ni kwamba ili kitu kisahaulike, lazima kwanza kiwe kimejulikana. Santuri nyingi zinazopewa sifa hiyo leo, zile za folk na soft rock ambazo wanamuziki wa Marekani na Kanada walizigharamia wenyewe miaka ya 1970 na 1980, hazikusahauliwa na mtu yeyote. Hazikuwahi kusikika. Zilifyatuliwa kiwandani kwa pesa za mfukoni au za familia, zikarudi nyumbani zikiwa kwenye maboksi, na nyingi zikabaki humo humo kwenye maboksi.

Utasema nabishania kamusi. Lakini neno hilo linabadilisha namna tunavyosikiliza. Aliyesahauliwa anatudai: tulikuwa naye, tukamwacha, sasa tunarudi kumwomba radhi, na ukiwa unaomba radhi huwezi kusema kwamba wimbo wa tatu haufai.

Chukua mfano unaojulikana zaidi ya mingine, albamu ya Donnie na Joe Emerson iitwayo Dreamin' Wild. Ndugu hawa walikulia shambani Fruitland, kijiji cha jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Muziki uliwafikia kupitia redio ya kwenye trekta. Baba yao, mkulima, aliona watoto wana kipaji, akawajengea studio pale pale shambani na kuwanunulia vyombo. Inasemekana aliingia gharama ya karibu dola 100,000, na fedha hizo zilitokana na mkopo uliowekewa ardhi rehani. Mwaka 1979 albamu ikatoka, nyimbo 8. Kwenye jalada vijana wawili wamevaa ovaroli nyeupe zenye kola pana kama mbawa, wanakutazama kama watu ambao tayari ni mastaa. Haikuuzika. Deni halikungoja, na sehemu kubwa ya shamba ikaenda.

Mwaka 2008 mkusanyaji mmoja wa santuri aliiona nakala yake kwenye duka la vitu vikuukuu mjini Spokane, akavutwa na lile jalada. Mwaka 2012 lebo ya Light in the Attic ya Seattle ikaitoa upya, mwanamuziki Ariel Pink akaurudia wimbo mmoja, "Baby", na miaka 33 baada ya kutoka kiwandani albamu ikapata wasikilizaji wake wa kwanza. Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kizuri kilikaa miongo mitatu bila kujiuza, kikasubiri watu wa kukitembeza.

Sasa tusikilize. "Baby" ni wimbo mkubwa, na silisemi hilo kwa huruma. Unakwenda polepole sana, ngoma za Joe zikiburuza miguu kama mtu asiyetaka kufika, gitaa likidondosha noti chache na kuziacha zining'inie. Juu yake Donnie anaimba kwa sauti nyembamba, nusu mnong'ono, ya soul aliyoiokota redioni. Mashairi yake ni mepesi mno, ukiyaandika kwenye karatasi hayana kitu. Nguvu iko kwingine: huyu ni kijana anayeimba mapenzi aliyoyasikia, hajayaishi. Mwimbaji mzoefu angeujaza wimbo ule kwa ujuzi wake. Donnie hana cha kujazia, kwa hiyo anaacha nafasi, na nafasi ile ndiyo inayokushika. Mtayarishaji wa mjini angeona pengo na kuweka vinanda. Shambani hakukuwa na mtayarishaji wa mjini.

"Don't Go Lovin' Nobody Else" inaukaribia, na "Love Is" nayo haiko mbali. Zilizobaki? "Good Time", inayofungua albamu, ni rock ya kuchangamsha kama nyimbo mia nyingine za wakati ule, na "Dream Full of Dreams" inajikokota. Ni kazi za wanafunzi wenye bidii. Albamu ina wimbo mmoja mkubwa, miwili mizuri, na kujifunza kwingi, na hilo kwa vijana wadogo waliojirekodi wenyewe porini ni jambo la kushangaza. Ila katika sifa zilizomwagwa tangu 2012, sentensi ya namna hii huipati kirahisi. Nani athubutu kusema wimbo umepwaya, ilhali mzee aliulipia kwa ardhi? Shamba limegeuka kuwa sehemu ya muziki. Linapiga nyuma ya kila wimbo kama besi.

Na mtu anayeumia kwa uungwana huo ni Donnie mwenyewe. Yeye hakuacha muziki. Aliendelea kuandika, kurekodi, kupiga kwenye kumbi za Spokane akiwa mtu mzima mwenye familia. Dunia ilipokuja kumgongea mlango haikumwuliza kuhusu nyimbo hizo. Ilimtaka kijana wa kwenye jalada. Filamu ya Bill Pohlad, Dreamin' Wild ya mwaka 2022, inalielewa hili kuliko makala nyingi. Casey Affleck anamwigiza Donnie akiwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi iliyokosewa anwani. Beau Bridges kwenye nafasi ya baba hana kinyongo hata chembe, na wema huo ndio unaomkaba mwanawe. Filamu ina mahali inapolegea na kuwa tamu kupita kiasi, lakini swali lake ni la kweli: utamlipaje mtu asiyekudai?

Nikitaka kuona kusahaulika kwa kweli, sihitaji kwenda Washington. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, nyimbo za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980. Huko nyuma palikuwa na biashara hai, maduka ya santuri ya River Road, bendi zenye mashabiki, na wapo wazee ambao ukiwawekea kibao cha wakati ule wanakutajia ukumbi. Hapo kweli kuna kumbukumbu iliyokatika, na unaweza kuuliza nani aliikata. Kwa Emerson hakuna wa kuulizwa. Hakuna aliyewatupa. Walikuwa mbali tu, na mlango wa biashara ulikuwa mwembamba.

Kuna hata muziki ambao haukuomba kutoka nyumbani. Sibylle Baier alijirekodi Ujerumani kati ya 1970 na 1973, yeye na gitaa lake, sauti ya mtu anayeimba akihofia kumwamsha mtoto. Kisha akalea familia. Miaka 30 hivi baadaye mwanawe alizikusanya zile kanda kwenye CD kwa ajili ya ndugu na jamaa, nakala moja ikamfikia J Mascis wa Dinosaur Jr, na mwaka 2006 lebo ya Orange Twin ikaitoa kwa jina la Colour Green. Husikii pale mtu anayesubiri kugunduliwa. Nyimbo zote zinamhusu mtu aliye jirani, na unahisi umesimama dirishani kwa watu. Kwangu mimi ndiyo albamu bora kuliko zote nilizozitaja hapa, na ndiyo yenye hadithi fupi kuliko zote.

Halafu kuna Lewis. Mwaka 1983 ilitoka santuri iitwayo L'Amour, imegharamiwa na mwenyewe, na kwenye jalada kuna mwanamume mzuri mno mwenye nywele za dhahabu. Picha aliipiga Ed Colver wa Los Angeles, ambaye anasema hundi aliyolipwa ilirudi bila pesa. Miaka mingi baadaye nakala ilipatikana kwenye soko la mitumba Edmonton, Kanada, na mwaka 2014 Light in the Attic ikaitoa upya ikiwa haijui msanii yuko wapi, wala kama yu hai. Muziki wenyewe ni piano, kinanda cha umeme na gitaa, vyote kwa mbali, na mtu anayeimba chini chini hadi maneno yanayeyuka kabla hayajakufikia.

Mwaka huo huo walimpata. Jina lake ni Randall Wulff, alikuwa ameketi nje, anakunywa kahawa. Walikuwa na hundi yake mkononi, hii ya kweli. Akaikataa. Kwa adabu, bila hasira, akawaambia hana haja ya kurudi nyuma. Lebo ikatangaza kwamba nakala zilizopo zikiisha haitafyatua nyingine mpaka yeye mwenyewe aseme vingine.

Nimeisikiliza L'Amour mara nyingi tangu nijue habari hiyo. Maneno bado siyashiki.