Kuisoma Parker Kwa Chini

Mkabidhi mjuzi bunduki ya marisawa ya Parker, ile ya mitutu miwili iliyotengenezwa Meriden, Connecticut, uone atakavyofanya. Nakshi za mbwa na ndege hazigusi kwanza. Ataichomoa mitutu, aipindue, asogeze taa. Habari zimeandikwa chini, mahali pasipoonekana bunduki ikiwa imefungwa.

Mabadiliko mengine hata mgeni huyaona. Parker za awali zilifunguliwa kwa kusukuma kitufe kilicho chini, mbele ya kifyatulio. Katika miaka ya 1880 ukaja wenzo wa juu unaosukumwa kwa kidole gumba, na kabla muongo huo haujaisha nyundo zikaanza kufichwa ndani. Mwaka 1902 zikatolewa bunduki zinazotema maganda zenyewe.

Uhondo wenyewe uko penye komeo. Kwa miaka mingi komeo liliuma moja kwa moja kwenye chuma cha mitutu, na kwa kila kufungua na kufunga vikazidi kulana. Yapata 1910 kiwanda kikapachika hapo kibamba kidogo cha pua ngumu, ambacho kikichakaa hutolewa kikawekwa kingine. Nakipenda mno kibamba hicho. Fundi aliyekibuni alijua kazi yake italika, akamwekea fundi wa kesho mahali pa kuanzia. Ukikiona, umeshajua bunduki imezaliwa upande upi wa mwaka ule.

Kisha mizani. Kwenye bapa la chini la mitutu umegongwa uzito, kwa ratili na wakia, uliopimwa kabla mitutu haijapigwa tupa ya mwisho. Mjuzi huipima upya. Ikipungua kidogo, hiyo ni tupa ya kiwandani. Ikipungua sana, yupo aliyeikata, au aliyeikwangua ndani kuondoa kutu, na kuta zake sasa ni nyembamba kuliko zinavyoonekana. Tarakimu chache zilizogongwa karne iliyopita zinaumbua udanganyifu wa jana.

Mwaka 1934 kampuni ya bunduki ya Remington iliinunua Parker, na baadaye kazi ikahamia Ilion, New York. Bunduki za kipindi hicho zina alama za mwenye mali mpya.

Ukirithi bunduki ya namna hii, tafadhali usimpe mtu aisugue ing'ae. Msasa ukishapita juu ya alama hizo, hakuna fundi wa kuzirudisha.