Askari wa Miguu Chini ya Mizinga: Njia ya Tabora, 1916

Askari wa miguu anayekutwa na makombora mahali pa wazi ana mambo mawili ya kufanya, nayo yanapingana: kulala chini na kuondoka hapo alipo. Lipi litangulie, na kwa muda gani, huamuliwa na aina ya kombora, ardhi, na upande mzinga unakopigia. Mfano wake kwa magharibi ya Tanzania ni mwaka 1916, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, lilipoiendea Tabora chini ya Jenerali Charles Tombeur. Brigedi ya Molitor ilishuka kutoka kaskazini. Ya Olsen ilitoka Kigoma, iliyotekwa mwishoni mwa Julai, ikafuata reli kuelekea mashariki. Kurt Wahle, aliyeongoza Wajerumani na askari wao Waafrika, aliwakabili Lulanguru, magharibi ya mji, na Itaga upande wa kaskazini. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba.

Mizinga ya vita hivyo haikuwa mingi, lakini haikufanana. Wabelgiji walikuwa na mizinga ya milimani ya milimita 70 aina ya Saint-Chamond, inayofunguliwa vipande na kubebwa. Wajerumani walikuwa wameopoa mizinga 10 ya milimita 105 ya manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, wakaitawanya nchini. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen huko Kigoma. Mzinga huo wa manowari ulirusha kombora kwa kasi ya karibu mita 690 kwa sekunde, maradufu ya kasi ya sauti. Anayepigwa nao kutoka kilomita 5 huona mpasuko kwanza, mlio wa mzinga ukafika baadaye. Mzinga mfupi wa milimani hurusha polepole, hivyo mara nyingi mlio hutangulia na kumwachia askari sekunde chache za kujitupa chini. Kumfundisha askari kutegemea sikio peke yake, basi, ni kumfundisha nusu.

Kulala kifudifudi kunasaidia kwa sababu kombora linalopasukia ardhini hutupa vipande vyake pembeni na juu. Aliyelala hupitiwa na vingi kichwani pake, aliyesimama huvipokea. Shrapneli ni jambo jingine. Hiyo hupasuka hewani na kumwaga risasi za duara mbele na chini, na aliyelala uwanjani huwa amezitandikia mgongo wake wote. Dawa yake ni kitu kilichosimama kati ya askari na mzinga: ukingo wa handaki, kichuguu kikubwa, jiwe la matale, au tuta la reli. Askari wa vita hivyo walivaa kofia za kitambaa, si za chuma, kwa hiyo kichwa kilihitaji kinga hiyo kuliko kiungo kingine.

Miombo huwadanganya wengi. Majani huwaficha askari wasionwe na anayeelekeza mizinga, na hiyo ni faida kubwa, ila kombora likigonga tawi hupasuka juu, vipande na vijiti vikamwagika chini. Chini ya miti askari hapaswi kukaa bila shimo. Septemba nako, mwisho wa kiangazi, udongo wa Unyamwezi umekauka na jembe dogo la askari linaudonoa tu. Tembe la Kinyamwezi, lenye kuta nene za udongo na paa la udongo juu ya magogo, huzuia vipande vidogo. Hata hivyo ni kimbilio baya: mpiga mizinga hulitumia kama alama ya kupimia, na kombora moja likiingia, paa zima huwaangukia waliomo.

Linalosahaulika zaidi ni mstari. Mzinga ukielekezwa mahali pamoja, makombora yake hayatawanyiki sawasawa: hupishana kidogo kulia na kushoto, lakini hupishana sana mbele na nyuma. Watu wa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, walizoea kutembea mmoja nyuma ya mwingine. Msafara wa namna hiyo ukipigwa kutoka ubavuni, makombora mengi huuruka au huangukia kabla yake. Ukipigwa kutoka mbele, kila kosa la umbali humpata mtu mwingine wa msafara uleule. Reli ya Kigoma inafuata sehemu kubwa ya njia hiyo ya kale, na kikosi kilichotoka Usoke, magharibi zaidi, kwenda Lulanguru juu yake kilijipanga chenyewe ndani ya mstari wa mzinga uliokisubiri. Hapo la kufanya baada ya kulala ni kuondoka upande, si kurudi nyuma: mita mia mbili au tatu kulia au kushoto, kwa makundi madogo, katika nafasi kati ya mafungu ya makombora. Wapagazi waende nao, tena watangulie, maana mzigo unaotupwa njiani ni risasi na maji ya kesho.

Ngoja ngoja ndiyo inayoua. Makombora ya kwanza huwa ya kupimia, moja mbali na jingine karibu. La tatu au la nne likianguka katikati, kipimo kimepatikana. Kikosi kinachoshambulia kina njia ya pili, nayo ni kusonga mbele hadi karibu na mahandaki ya adui, ambako mizinga yake haiwezi kupiga bila kuwagusa watu wake. Inadai moyo na maofisa wanaojua umbali uliobaki. Ukiwa mrefu, bunduki za mtombo humaliza kazi ambayo mizinga haikuimaliza.

Makombora yakikoma, watu hawakusanyiki papo hapo, kwa kuwa ukimya mfupi mara nyingi ni wa kuwavuta watoke mashimoni. Majeruhi husogezwa kwanza nje ya eneo lililopimwa, kisha hufungwa vidonda. Kombora lililozama katika udongo laini wa bondeni bila kupasuka huachwa lilivyo, na mahali pake huwekwa alama ili wanaofuata nyuma wapazunguke.