Saa Iliyoandikwa kwenye Kifuniko

Mgonjwa akileta kikopo kilichojaa pomoni, hakosi wa kumsifu mapokezi. Wakongwe wa maabara huguna. Choo cha kutosha ni kiasi cha ncha ya kidole gumba, na chenye makamasi au damu hakipitwi. Mkojo usikiguse, maana huua amiba. Wala kisizolewe chini, kwani udongo una vibuu vyake visivyo na habari na utumbo wa mtu. Hayo hata mwanafunzi anayajua.

Kinachowapita wengi ni saa. Amiba hai hutambulika kwa mwendo: hunyoosha mguu bandia, ikajivuta, pengine na chembe za damu ilizozimeza. Choo cha majimaji kikipita nusu saa, imeanza kujikunja na kufa. Choo kigumu hungoja, kwa kuwa hubeba sisti na mayai, na friji ya nyuzi 4 hukitunza. Kuhara kukiwekwa humo humo, mtu ameua ushahidi kwa nia njema.

Safura ni deni lingine. Kwa njia ya Kato-Katz ya kuhesabu mayai, tundu la kiolezo hupima miligramu 41.7, na mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24. Lakini gliserini inayoing'arisha slaidi huyafuta mayai ya safura. Saa moja ikipita, mengi hayaonekani tena. Yai la kichocho, na mwiba wake ubavuni, husubiri hata kesho. Ndiyo maana vijiji vya kando ya Ziwa Victoria vikisomewa slaidi jioni huonekana vina kichocho kitupu, na mkuu wa msafara wa uchunguzi akapongezwa kwa kazi safi! Na choo kikilala kwenye joto, mayai ya safura huanguliwa, vibuu vyake vikadhaniwa vya strongiloidi, mnyoo mwingine.

Kwa hiyo mkongwe husoma kifuniko kwanza. Kisichoandikwa saa hakifunguliwi.

Kwenye slaidi, salaini kushoto, aidini kulia, anayegeuza hakufundishwa. Utando uwe mwepesi kiasi cha kusomeka gazeti chini yake. Zamani choo kililetwa kwenye kiberiti. Kiberiti kilinyonya maji, ni kweli, ila kilifika kingali na joto, na fundi aliiacha chai yake ipoe. Siku hizi vikopo vinang'aa na vinapangwa foleni hadi adhuhuri.

Matapeli nao wapo. Mpishi anayetafuta cheti cha afya huazima choo cha mwenzake. Watoto wa shule hugawana cha mmoja. Jicho zuri huwanasa: slaidi nne, majina manne, na ganda lile lile la nyanya. Tapeli mbaya zaidi huvaa koti jeupe, akaandika "hakuna minyoo" darubini ikiwa bado imefunikwa.

Hata bila utapeli, vimelea havitoki kila siku. Vikopo vitatu, siku moja moja zikirukwa, ndiyo desturi. Jibu la "hakuna" kwa kikopo kimoja wakongwe hulitia saini shingo upande.