Shujaa wa Koo la Samawati

Msomaji, ikiwa umekulia Kitui au Makueni, bila shaka umesikia ngewa za wazee: kijana aondoka kwao, akutana na zimwi, alishinda, kisha arejea na mali. Mwaka 1949 Joseph Campbell, mwalimu wa Marekani, alitoa kitabu akidai kwamba hadithi za mashujaa wa mataifa mengi zina umbo hilo moja: kuondoka, kujaribiwa, na kurejea. Tangu hapo wengi wamelifanya umbo hilo kipimo cha kila riwaya. Je, kipimo hiki chatosha?

Na tukijaribu kwa riwaya ya Kihindi. Mwaka 2010 Amish Tripathi wa India alitoa The Immortals of Meluha, ya kwanza katika riwaya tatu zilizokamilika mwaka 2013. Shiva, ambaye Wahindu humwabudu kama mungu, humo ni mwanadamu, mkuu wa kabila dogo la Tibet. Anahamia nchi ya Meluha pamoja na watu wake. Huko anapewa dawa iitwayo Somras, na koo lake lageuka samawati. Wenyeji wamwinamia: ndiye mkombozi aliyetabiriwa, atakayewaangamiza adui zao.

Hadi hapo Campbell angefurahi. Lakini angalia yafuatayo. Shiva awashinda adui hao, kisha agundua kwamba wao pia walikuwa wakimngoja mkombozi yule yule. Hatimaye aelewa kwamba uovu aliopaswa kuuondoa ni dawa ile ile iliyomtukuza, kwa kuwa taka zake zaleta maradhi katika nchi nyingine. Katika masimulizi ya kale Shiva alikunywa sumu, akaizuia kooni ili ulimwengu usiangamie. Mwandishi ameigeuza habari hiyo kwa akili: hapa shujaa anywa sumu akidhani ni neema.

Riwaya hizi zina kasoro. Watu wa kale husema kama watu wa mjini wa leo, na mara nyingi huhutubu mahali pa kutenda. Hata hivyo nguvu yake imo pale zinapoliacha umbo la kawaida.

Nayo historia ya kwetu hailifuati umbo hilo sikuzote. Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Kitui, alimpokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawashambulia, na Kivoi akauawa. Hakurejea. Kwa kipimo cha Campbell safari yake ni pungufu, lakini jina lake halikusahauliwa.

Basi, msomaji, usihesabu hatua za shujaa tu kama karani ahesabuye magunia. Uliza ni nani waliomwita shujaa, na ni nani watakaolipa gharama ya ushindi wake. Swali hilo litakufaa vitabuni, na siku moja litakufaa utakapoombwa kumshangilia mtu barazani.